Fizio, Jeraha la Kazini na Fidia: Mambo ya Kujua Kabla Plasta Haijakauka

Fundi wa mjengo anateleza kwenye jukwaa, anaanguka kwa kukinga mkono, na mfupa ulio karibu na kifundo cha mkono unavunjika. Hospitali ya kaunti inampiga picha ya eksirei, inamfunga plasta na kumpa dawa za maumivu pamoja na tarehe ya kurudi baada ya wiki sita. Anakwenda nyumbani, anauning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa na kuulinda kama yai. Wiki sita zikiisha plasta inakatwa. Picha inaonyesha mfupa umeunga vizuri, na hapo ndipo taabu inapoanza. Vidole havifungi ngumi, bega halipandi, na nyundo aliyozoea kuishika kutwa sasa inamponyoka.

Mfupa umepona lakini mkono bado. Fundi huyu ni wa mfano tu, ila wahudumu wa vitengo vya fizio katika hospitali zetu hawatamwona mgeni. Bega lake halikuumia alipoanguka. Lilikakamaa kwa sababu hakuna aliyemwambia aliinue kila siku wakati plasta ingali mkononi.

Somo hili linaeleza kazi ya wataalamu wa tiba ya viungo, ambao wengi huwaita watu wa fizio, kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Linaeleza pia jinsi tiba hiyo inavyohusiana na fidia ambayo sheria ya Kenya inampa mfanyakazi huyo. Mambo haya mawili kwa kawaida hushughulikiwa katika ofisi tofauti, na mgonjwa ndiye anayebeba karatasi kutoka huku kwenda kule.

Fizio si kukandwa tu

Kwa muda mrefu fizio imechukuliwa kuwa kituo cha mwisho, yaani mahali pa kupelekwa baada ya daktari kumaliza kazi yake, ili mtu akandwe na kuchomwa joto kidogo. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Tangu mwaka 2014 Kenya ina Sheria ya Wanafiziotherapia, iliyounda baraza la kusajili na kusimamia watu wa taaluma hii. Mtaalamu aliyesajiliwa amesomea mifupa, misuli, neva, moyo na mapafu. Kazi yake ni kumpima mgonjwa, kutafuta kinachozuia kiungo kufanya kazi, kupanga mazoezi na kufuatilia kama yanasaidia. Kukanda ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo, na kuna majeraha ambayo kuyakanda ni kuyaharibu. Mwananchi anayepelekwa kwa mkandaji wa mtaani akiwa na mfupa uliovunjika anahatarisha kiungo chake, na anapoteza pia siku ambazo rekodi ya matibabu ingekuwa inaandikwa.

Kinachobadilika sasa ni wakati na mahali pa kazi ya fizio. Mtaalamu anaitwa mapema zaidi, wakati mwingine mgonjwa akiwa bado kitandani wodini, na vipimo vyake vinaingia katika mazungumzo ya lini mtu arudi kazini na arudie kazi gani.

Siku za mwanzo

Mgonjwa wa plasta ya mkono hupewa kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza. Afunge na kufungua vidole mara nyingi kwa siku, akunje na kunyoosha kiwiko ikiwa plasta haijakifikia, ainue bega hadi juu ya kichwa, na auweke mkono juu ya mto anapolala ili uvimbe ushuke. Hakuna kifaa kinachohitajika, na mazoezi haya ndiyo yangemwokoa fundi wetu na bega lililokakamaa.

Katika siku hizo hizo za mwanzo kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Maumivu yakizidi kupanda badala ya kushuka, vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, mgonjwa arudi hospitalini mara moja, hata kama ni usiku. Huenda plasta inabana au misuli inavimba ndani na kukosa damu, na hali hiyo huharibu mkono kwa saa chache.

Mgongo una hadithi yake. Kibarua anayeshusha mifuko ya saruji ya kilo 50 kutoka kwenye lori anasikia kitu kimeshtuka kiunoni. Ushauri wa zamani ulikuwa kulala chali kwenye ubao kwa wiki mbili. Sasa inafahamika kwamba kulala muda mrefu hudhoofisha misuli ya mgongo na kumchelewesha mtu kupona. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, mtaalamu humtaka mgonjwa atembee kidogo kidogo, asikae mkao mmoja kwa muda mrefu, na aanze mazoezi mepesi mapema hata kama bado anaumwa kiasi. Watu wengi hushangaa kuambiwa kwamba maumivu si lazima yawe ishara kuwa kitu kinaendelea kuvunjika ndani.

Lakini si kila mgongo ni wa kutembezwa. Aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Alazwe sawa juu ya kitu kigumu na abebwe bila kupindwa. Na mtu yeyote mwenye maumivu ya mgongo ambaye anakufa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, anashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu yake inaisha nguvu, huyo ni wa dharura. Apelekwe kwa daktari kabla ya kufikiria fizio.

Kidole kilichokatwa na mashine na kano zake kushonwa nacho kina taratibu zake. Kikiachwa bila kusogezwa, kano hugandamana na kovu na kidole hakikunji tena. Kikisogezwa kwa nguvu kabla ya wakati, mshono hukatika. Ndiyo maana mgonjwa hutengenezewa banzi maalumu na kufundishwa kukisogeza kwa kipimo, wiki baada ya wiki. Hapa mazoezi ya kubahatisha nyumbani ni hatari, na kazi hii hufanywa kwa ushirikiano wa daktari wa upasuaji, mtu wa fizio na mtaalamu wa tiba kazi.

Kwa aliyeungua, kanuni ngumu ni kwamba mkao anaouona wa starehe ndio mkao ambao kovu litamfunga nao. Aliyeungua ndani ya kiwiko atapenda kukunja mkono, na akiachwa hivyo utabaki umekunjwa. Aliyekatwa mguu chini ya goti hupenda kuwekewa mto chini ya goti hilo. Mto huo huo humfanya goti lishindwe kunyooka, na goti lisilonyooka halivai mguu wa bandia vizuri. Jamaa wanaomuuguza huuweka mto kwa huruma, kwa hiyo wao pia wanahitaji kufundishwa.

Nani analipa

Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaijua kwa jina la WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mkataba wa kazi si lazima uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo yanatosha, na malipo yanaweza kuwa ya siku, ya wiki au ya kazi iliyofanywa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba njia ya sheria hii, ambapo madai hupitia kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ni halali.

Sheria inamtwika mwajiri gharama zinazofaa za matibabu ya hospitali, upasuaji, uuguzi na dawa, pamoja na viungo vya bandia, magongo na vifaa vingine vya kumsaidia aliyelemaa. Fizio iliyoagizwa kwa ajili ya jeraha hilo ni sehemu ya matibabu yake. Ili pasiwe na ubishi baadaye, agizo la kwenda fizio liandikwe na daktari au tabibu anayemhudumia, likitaja jeraha na tarehe, na kila risiti iwekwe. Michango ya mfanyakazi katika SHA haimwondolei mwajiri wajibu huu, ingawa si ajabu kumsikia msimamizi akimwambia aliyeumia, "Enda utumie kadi yako."

Mwajiri akishajua kuhusu ajali, ana siku 7 za kuiarifu Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Madai ya fidia yana muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Ikiwa jeraha limemzuia mtu kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, ana haki ya malipo ya vipindi kulingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Miezi hiyo 12 ndiyo dirisha ambalo fizio inafanyia kazi. Mtu anayeanza mazoezi mwezi wa saba ametupa zaidi ya nusu yake.

Asilimia na hofu ya kupona

Hapa pana jambo ambalo wagonjwa huliwaza bila kulisema. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, kisha huzidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Majeraha kadhaa, hasa ya kupoteza viungo, yameorodheshwa na asilimia zake katika Jedwali la Kwanza la sheria. Basi mtu hujiuliza: nikifanya mazoezi nikapona, si fidia itapungua?

Ndiyo, itapungua. Hakuna haja ya kuficha. Lakini hesabu yenyewe ifanywe mpaka mwisho. Tuseme mfanyakazi anapata Sh18,000 kwa mwezi. Mapato ya miezi 96 ni Sh1,728,000. Akipimwa kuwa na ulemavu wa asilimia 10, fidia yake ni Sh172,800. Akipimwa asilimia 5, ni Sh86,400. Tofauti ni Sh86,400, yaani mshahara wake wa miezi isiyofika mitano. Mkono unaoshika nyundo sawasawa utazirudisha pesa hizo kabla ya nusu mwaka kwisha, kisha utaendelea kufanya kazi miaka yote iliyobaki. Fidia hulipwa mara moja tu, na mwenye mkono uliokakamaa ataomba kazi kila asubuhi akiwa na mkono huo huo.

Isitoshe, kujilegeza wakati wa vipimo hakufichiki kirahisi. Nguvu za mshiko hupimwa mara kadhaa, na mtu anayejizuia makusudi mara nyingi hutoa matokeo yasiyolingana. Kutoaminika kwa namna hiyo kunaweza kumharibia hata madai yake ya kweli.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo pengine ni baya zaidi. Mfanyakazi hushawishiwa akubali kufanyiwa tathmini ya mwisho mapema, jeraha likiwa halijatulia, au achukue pesa kidogo mkononi ili asifuatilie. Ulemavu wa kudumu hupimwa vizuri pale ambapo matibabu yamefanya yaliyowezekana na hali haibadiliki tena. Mtu wa fizio anayemwona mgonjwa kila wiki ndiye anayejua vizuri kama hatua hiyo imefika.

Karatasi ya fizio ina uzito gani

Sehemu ya matibabu katika fomu ya DOSH/WIBA 1 hujazwa na daktari, na asilimia ya ulemavu hutokana na uchunguzi wa daktari. Mtu wa fizio hachukui nafasi hiyo. Lakini daktari anayefanya tathmini anaweza kumwona mgonjwa mara moja tu, kwa dakika chache. Faili ya fizio ina miezi. Ndani yake mna pembe ambayo kiungo kilifika kwa nyuzi, nguvu za mshiko kwa kilo, umbali aliotembea, kazi alizoshindwa, na tarehe alizohudhuria. Vipimo vya mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita vikiwekwa pamoja vinaonyesha njia yote ambayo kiungo kimepita.

Uzito wa rekodi hiyo unaonekana zaidi kwa majeraha yasiyotajwa katika Jedwali la Kwanza. Kidole kilichokatwa kinahesabika kwa macho. Mgongo unaouma mtu akiinama, au bega linaloishia nusu ya njia, havihesabiki hivyo. Kwa majeraha ya namna hii sheria inamwachia Mkurugenzi aamue asilimia isiyopingana na mwongozo wa jedwali. Kusema "bega linauma" ni tofauti na kuonyesha kwamba baada ya miezi sita ya mazoezi bega bado halivuki nyuzi 90.

Nchi nyingine zimekwenda mbali kuliko hapa. Katika jimbo la Victoria, Australia, cheti cha kwanza cha mfanyakazi anayedai fidia lazima kitoke kwa daktari, lakini vyeti vinavyofuata vinaweza kutolewa na mtaalamu wa fizio. Uingereza iliwaruhusu wataalamu hao, kuanzia Julai 1, 2022, kutia sahihi cheti kinachoeleza kama mgonjwa anaweza kufanya kazi au la. Kenya haijafika huko. Kwa sasa, kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba ripoti ya fizio imo mikononi mwa daktari kabla hajajaza fomu. Mgonjwa ana haki ya kuiomba, na aiombe mapema, si asubuhi ya siku ya tathmini.

Kurudi kazini si kuruka ukuta

Waajiri wengi wanajua hali mbili tu: mtu ni mgonjwa au mtu amepona. Mfanyakazi naye akirudi hupewa mzigo ule ule uliomwangusha. Mtaalamu wa fizio anaweza kusaidia kwa kuandika mambo ambayo mtu anaweza kufanya: anaweza kubeba kilo 10 hadi kiunoni, asibebe chochote begani kwa wiki nne, anaweza kusimama saa mbili kisha akae. Msimamizi akipata karatasi ya namna hiyo anaweza kumpangia kazi ya stoo, ya kuhesabu mifuko au ya kuandika waliofika, badala ya kumwambia akae nyumbani mpaka awe "sawa kabisa". Kukaa nyumbani kwa miezi kuna gharama yake, maana mtu hupoteza mazoea, huvunjika moyo, na kila wiki inayopita humfanya aogope kurudi zaidi.

Inapowezekana, mtaalamu aione sehemu ya kazi yenyewe. Meza iliyo chini mno, toroli lenye gurudumu bovu, au rafu inayomlazimisha mfupi kunyoosha mikono kutwa ni mambo ambayo mgonjwa hatayataja kliniki kwa sababu ameyazoea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kurekebisha vifaa na kazi ili vimfae mfanyakazi, na inamkataza kumbebesha mtu mzigo ambao uzito wake unaelekea kumuumiza. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, na hiyo ndiyo meza ya kupelekea mapendekezo ya mtaalamu.

Kinachowashinda wengi ni nauli. Fizio ya mara tatu kwa wiki, kwa mtu anayeishi mbali na hospitali na ambaye hana kipato, ni mzigo mzito, na wengi huacha baada ya ziara ya pili bila kusema. Afadhali waseme. Mtaalamu akijua atapunguza ziara, atafundisha mazoezi ya nyumbani kwa kutumia chupa ya maji, taulo au ngazi ya mlangoni, na ataandika mpango huo kwenye faili. Mgonjwa aliyetoweka bila maelezo husomeka kwenye rekodi kama aliyekataa matibabu, na wakati wa madai mistari hiyo mitupu humgeukia.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake kwa maandishi, na Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu. Jibu lisipomridhisha, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Anayekwenda na pingamizi abebe nakala ya fomu ya DOSH/WIBA 1, agizo la daktari la kwenda fizio, kadi yenye tarehe za mahudhurio na ripoti ya vipimo. Asiyekuwa na nakala za karatasi za hospitali aanzie dirisha la rekodi za wagonjwa, akiwa na kitambulisho na namba ya faili.